Rejista Isiyo na Marehemu

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Kompyuta zimefika, mbili, zimefungwa kwa blanketi nyuma ya pikapu kutoka Kisumu. Moja itabaki hapa ofisini Busia na nyingine itakwenda kwenye stoo yetu ya Malaba. Aliyezileta ni Bwana Ochuodho, ambaye ndiye aliyetunga programu yenyewe. Ni kijana, hanizidi kwa miaka mingi, na hula ndizi huku akibonyeza.

Nieleze vizuri, maana ninaandika daftari hili ili siku nikiulizwa nijue nilifanya nini na lini. Mimi ni Akiteng, karani wa rejista katika Ushirika wa Pamba wa Mpakani. Bado niko katika majaribio ya kazi mpaka mwisho wa Februari. Tarehe 17 Januari wanachama watapiga kura kuamua kama tuuze kiwanda chetu cha kuchambua pamba kule Malaba, pamoja na ekari zake kumi na moja. Anayekitaka ni mwenye malori. Atakibomoa apate uwanja wa kuegesha. Kiwanda kikienda, mkulima wa huku hatakuwa na pa kupeleka pamba. Mwaka jana jambo hilohilo lilipigiwa kura ya mlolongo, watu wakijipanga mistari miwili uwanjani. Watu walihesabiwa mara tatu, yakapatikana majibu matatu, na wawili wakapasuliwa vichwa kwa mawe. Ndiyo sababu wafadhili wameleta mashine. Mwanachama ataandika namba yake, halafu abonyeze moja kwa ndiyo au mbili kwa la. Kompyuta ya Malaba itapiga simu yenyewe kwa kompyuta ya Busia na kutuma kura.

“Na ikijua kupiga chapa pia,” akasema Beldina, mpiga chapa wetu, “mimi naenda sokoni kuuza omena.”

Mwenyekiti Osukuku alicheka zaidi yetu sote. Kisha akanishika bega mbele ya watu. “Huyu msichana ndiye atatuongoza. Sisi wazee tumechoka na mawe.”



Alhamisi, 9 Oktoba

Mvua tangu saa nane. Ofisi inavuja juu ya kabati la faili.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimeanza kuingiza rejista. Majina ni 1,846, katika vitabu vinne vikubwa, mwandiko wa makarani sita tofauti. Programu inataka namba ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa kwa kila mwanachama. Bila hivyo inaandika jina kwa rangi nyekundu.

Kufikia jioni, jina moja kati ya matatu lilikuwa jekundu. Kuna mzee aliyezaliwa 1894. Kuna mwingine ambaye kaburi lake mimi mwenyewe hulipita nikienda kanisani Amukura.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mvua. Redioni wanaiita El Nino. Beldina anasema hilo ni jina la mtu asiyelipa kodi ya nyumba.

Jumapili, 19 Oktoba

Nilikwenda nyumbani. Barabara ya Malaba imekatika mahali pawili, malori yamesimama hadi nisione mwisho wake.

Nilimuuliza Mama juu ya majina mekundu. Hakuelewa shida iko wapi.

“Namba si ya mtu, ni ya boma,” akasema. “Baba yako alipewa 612. Alipokufa, kadi ilibaki kwa boma. Mimi ndiyo nalima, mimi ndiyo nakwenda mkutano. Karani akiita ‘Emorut!’ mimi naitika, ‘Yupo.’”

“Lakini hayupo, Mama. Tangu ’89.”

“Pamba yake iko.”

Nikamwambia kuna fomu ya mrithi. Katiba ya chama inasema mjane au mtoto aijaze, alete cheti cha kifo, jina libadilishwe. Mama alitikisa kichwa polepole kama anayemkataza mtoto kugusa moto.

“Hiyo fomu unaandika ‘marehemu’ juu ya jina ya mtu, halafu unatia kidole. Nimkate mzee kwa kitabu cha kazi yake, na mkono yangu mwenyewe? Hakuna mama hapa amefanya hiyo.”

Ni kweli. Katika kabati pakiti ya fomu hizo haijafunguliwa. Nembo iliyo juu yake ni ya miaka ya sabini.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimempelekea Mwenyekiti orodha ya majina mekundu: 633. Alivaa miwani, akaisoma yote, kurasa kumi na tano, bila haraka. Nilisimama.

“Wewe unaonaje?” akaniuliza.

Sijawahi kuulizwa hivyo na mtu mkubwa. Nikasema kwamba kwa mujibu wa katiba marehemu si mwanachama, na kwamba mwaka jana hesabu iliharibika pengine kwa sababu hiyo.

“Umesoma,” akasema. “Fanya kazi yako sawasawa. Marehemu hapigi kura. Na usipendelee mtu.”

Nikatoka nikiwa mrefu zaidi.

Ijumaa, 31 Oktoba

Nimemaliza. Kwa kila jina mashine iliuliza, “Una hakika?” nami nikabonyeza N ya ndiyo mara 633.

Sio 633 moja kwa moja. Nilipofika kwa namba 612, Emorut, nilisimama. Nilikwenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Nikafikiria kumwacha. Lakini Mwenyekiti alisema nisipendelee, na kama ningemwacha baba yangu peke yake kati ya marehemu wote, mtu angeona. Nikarudi, nikabonyeza.

Rejista sasa ina watu 1,213, wote hai, wote weusi kwenye skrini. Bwana Ochuodho alinisifu kwa simu. Alisema hajaona rejista safi hivyo katika mkoa wote.

Jumatatu, 10 Novemba

Mvua. Pamba ya watu wa Busibwabo imeoza ikiwa bado kwenye vitumba.

Jumanne, 18 Novemba

Mwenyekiti ameniambia niandike tangazo: rejista ya wapiga kura imefungwa leo, siku sitini kabla ya mkutano, kama katiba inavyotaka. Beldina alilipiga chapa. Mimi nikalibandika ubaoni, ndani ya ofisi, kando ya kalenda.

Jumatatu, 24 Novemba

Leo alikuja Mama Amuron wa Adungosi, mjane, mama mwenye sauti ya kusikika Uganda. Alileta hodi, matope mpaka magotini, na swali moja: mashine itakaa stoo ya Malaba au kanisani?

“Stoo, Mama.”

“Vizuri. Tumekubaliana sisi wamama wote, tunakuja pamoja. Kiwanda hakiuzwi. Hao wanaume wanataka kuuza walihama zamani, wako Nairobi na Eldoret, hata jembe wamesahau inashikwa wapi. Nani analima pamba hapa? Ni sisi, wajane na watoto wetu.”

“Namba yako ni ngapi, Mama?” Sijui kwa nini niliuliza.

“Mia nne kumi na saba. Ya mzee yangu.”

Nilijifanya kuandika.

Alipoondoka nilifungua vitabu vya zamani, vile vya stoo vinavyoonyesha nani alileta pamba. Nikavilinganisha na wale 633. Nililinganisha mara mbili. Karibu nyumba zote zinazolima bado ziko kati ya niliowafuta. Na niliowabakiza, walio hai wenye vitambulisho, zaidi ya nusu yao hawajaleta pamba miaka mitano au sita.

Sikufuta marehemu. Nimefuta wakulima.

Ningeweza kuwaambia. Wiki nne, kuanzia tarehe 19 Oktoba mpaka 18 Novemba, pakiti ya fomu ilikuwa kabatini nami nilijua iko pale. Nilimwambia Mama kwa ajili ya kubishana naye tu. Haikunijia kichwani kuwaambia wengine. Nilikuwa nafikiria rangi nyekundu.

Jumanne, 25 Novemba

Nilikwenda kwa Mwenyekiti na karatasi zangu. Nilikuwa nimejifunza maneno ya kusema. Nilipomaliza, alinimiminia chai kwa mkono wake.

“Sasa umeona,” akasema.

Ndipo nikajua kwamba yeye aliona siku ile ya kwanza, alipozisoma kurasa kumi na tano bila haraka.

“Mzee, tufungue rejista wajaze fomu. Wiki moja tu.”

“Katiba inasema siku sitini. Tangazo uliandika wewe.”

“Basi tuwarudishe kama walivyokuwa.”

“Turudishe marehemu? Mbele ya wafadhili?” Alisikitika kabisa, uso wake wote. “Akiteng binti yangu. Ile mashine inaweka jina la mtu kwa kila kitu amefanya. Bwana Ochuodho alinionyesha. Mara mia sita thelathini na tatu imeandikwa AKITENG, na saa, na dakika. Jina la Osukuku haliko hata mara moja. Ukigusa rejista iliyofungwa, hiyo ni kesi. Nitaita polisi mimi mwenyewe, na nitalia nikiwaita.”

Nilikunywa chai yote. Sijui kwa nini niliimaliza.

Jumatano, 26 Novemba

Mvua.

Alhamisi, 27 Novemba

Mvua.

Jumanne, 2 Desemba

Mwenyekiti alikuwa amekwenda Khunyangu. Nilimpigia simu Bwana Ochuodho, Beldina akasimama mlangoni kunichungia. Nilimweleza kila kitu.

“Mimi nilitunga programu ya watu walio na vitambulisho,” akasema. “Hakuna mtu aliniambia juu ya boma.”

“Hakuna aliyejua kwamba unahitaji kuambiwa.”

“Sikiza. Nakala ya Oktoba iko kwa disketi, ile ya bluu. Ukiitia inarudisha majina yote. Ni dakika kumi. Lakini itauliza jina lako na sababu, na hiyo haifutiki.”

“Unaweza kuifanya wewe ukiwa Kisumu?”

“Sina ruhusa. Mwenye neno la siri ni wewe.”

Beldina alisikia. Alipofunga mlango hakutania. “Nikiwa wewe ningefanya,” akasema. “Lakini mimi sina cheti cha masomo cha kuharibu.”

Jumatatu, 8 Desemba

Nilibeba disketi ya bluu kwenye mkoba. Nikairudisha kabatini saa kumi na moja.

Jumatano, 10 Desemba

Nilibeba tena. Nikairudisha.

Ijumaa, 19 Desemba

Mwenyekiti alipita ofisini na mkate wa Krismasi kwa kila mfanyakazi. Zamani nilimwona kama mtu mpole. Mpole ni mpole kweli, hajawahi kunipandishia sauti. Ninamwogopa kuliko ningemwogopa mtu wa kupiga kelele, kwa sababu huyo angeweza kuchoka.

Alhamisi, 25 Desemba

Nyumbani. Mama amewafundisha wamama wanane kubonyeza, kwa kutumia sanduku la kiberiti. Upande huu moja, upande huu mbili. “Sisi ni mbili,” wanasema kwa pamoja, wakicheka. Aliniita nije nisahihishe. Nikasema wako sawa.

Jumatatu, 29 Desemba

Leo nchi nzima imepiga kura. Mama alisimama kwenye foleni kwa saa tano, akatoa kitambulisho chake, wakampata kwenye kitabu: jina lake mwenyewe, mwaka wake mwenyewe. Alinionyesha wino kidoleni.

Ijumaa, 9 Januari 1998

Leo nilikuwa peke yangu ofisini kuanzia saa tatu mpaka saa saba. Nitaandika ilivyokuwa bila kujitetea.

Nilitia disketi. Skrini ikauliza, “Rudisha nakala ya 22 Oktoba?” Nikabonyeza N. Ikauliza jina. Nikaandika AKITENG. Ikauliza sababu. Mstari ulikuwa mtupu, kale kamstari kanawaka na kuzima.

Nikaandika: Niliwafuta kimakosa. Nikafuta. Nikaandika: Hao ni wakulima. Nikafuta. Nikaandika: Mwenyekiti. Nikafuta haraka, nikageuka kuangalia mlango. Akilini niliona kituo cha polisi. Nilimwona Mama akileta chakula kwenye kopo. Niliona cheti changu kwenye meza ya mtu mwingine, akikisoma na kutabasamu.

Lori lilipiga honi nje. Nikatoa disketi kabla sijajua ninafanya nini.

Ni hivyo tu. Hakuna aliyenizuia. Mwenyekiti hakuwepo, simu ilikuwa nzima, umeme ulikuwepo saa nne mfululizo, jambo ambalo halijatokea tangu Oktoba.

Jumatano, 14 Januari

Bwana Ochuodho amefika. Aliniangalia, akaangalia idadi kwenye skrini, 1,213, akamenya ndizi yake. Nilitamani anikaripie.

Jumamosi, 17 Januari

Niliendesha mashine ya Malaba, Bwana Ochuodho ile ya Busia. Mvua ilikuwa imepumzika. Mabasi mawili yalileta wanachama kutoka Eldoret na Nairobi, wanaume wenye viatu vya kung'aa ambao wamama wengine waliwasalimia kwa kubahatisha majina ya baba zao. Waliingia mmoja mmoja nyuma ya pazia, mashine ikalia tiii ya kukubali, wakatoka. Kila saa kompyuta ilipiga simu Busia na kukoroma kama mtu mwenye kifua, kisha kura zikaenda.

Wamama walifika saa nne, kama walivyoahidi, pamoja, wamevaa vitambaa vya kanisani. Wa kwanza alikuwa Mama Amuron. Aliandika 417 kwa kidole kimoja. Mashine ikaandika HAKUNA MWANACHAMA.

“Imesema nini?”

“Haijapata namba, Mama.”

“Imetafuta wapi?” Akageukia foleni. “Inasema mimi hakuna!” Wakacheka. Akaandika tena. Wa pili akaandika, wa tatu. Alipofika wa nne kicheko kiliisha.

Halafu kelele. Mwenyekiti alipanda kwenye mzani wa pamba ili aonekane. Alisema kwa huzuni kwamba mashine haina ukabila, haina chuki, haina bwana. Imeandikwa kulingana na katiba. Walio na malalamiko walete kwa maandishi. “Mwaka juzi tulipigana mawe,” akasema. “Leo hakuna damu. Tumshukuru Mungu.”

“Mashine ilijuaje mzee yangu amekufa?” Mama Amuron akapaza sauti. “Ilikuja matanga?”

Watu waligeuka kuniangalia. Mama yangu alijipenyeza mbele, akasimama kati yangu na wao.

“Muache mtoto. Huyu anaendesha tu. Angejua angetuambia.”

Kisha akaja kwangu kupiga kura yake. Alijua alichoona kwa wengine, lakini alitoa kadi kutoka kwenye kitambaa, akaiweka mbele ya skrini kama vile mashine ina macho, na akaandika 6, akatafuta 1, akatafuta 2. HAKUNA MWANACHAMA.

“Nimebonyeza vibaya,” akaninong'oneza. “Nibonyezee wewe.”

Nikabonyeza. 612. Nilitumia mkono wangu wa kulia, uleule.

“Mashine haikutambui, Mama.”

“Basi iambie wewe. Si wewe unanijua?”

Nyuma yake kulikuwa na wamama zaidi ya thelathini, na mbele yangu kibodi. Alisubiri muda mrefu kidogo, kama mtu anayempa mtoto nafasi ya kukumbuka. Kisha akakunja kadi ndani ya kitambaa, akafunga fundo.

“Anayefuata,” nikasema. Ni mimi niliyesema.

Jumatatu, 19 Januari

Ndiyo 588. La 431. Walioambiwa hakuna mwanachama, Busia na Malaba, 402. Mashine iliwahesabu hao pia, kwa usahihi. Wafadhili wameandika barua ya pongezi.

Ijumaa, 30 Januari

Nimethibitishwa kazini, mwezi mmoja kabla ya wakati.

Alhamisi, 12 Februari

Wameanza kung'oa mabati ya kiwanda.

Jumanne, 24 Februari

Mama alikuja ofisini Busia leo. Hajawahi kuja hapa. Alikaa kwenye benchi la wageni na kungoja zamu yake, ingawa hakukuwa na mtu mwingine. Beldina alitoka akisema anakwenda kununua karatasi za kaboni.

“Beldina ni mtu wa kanisa yetu,” Mama akasema. “Ameniambia.”

Nilishika ukingo wa meza.

“Emorut ulimtoa wewe?”

“Mimi.”

“Na hao wengine?”

“Mimi, Mama. Wote.”

“Na kulikuwa na njia ya kurudisha?”

“Ilikuwa dakika kumi.”

Alitazama mashine, si mimi. Alikuwa akipumua kwa mdomo kama mtu aliyepanda mlima. Nilingoja anipige, anilaani, aondoke. Ningeweza kustahimili lolote kati ya hayo.

“Iko fomu,” akasema. “Ya mtu kuingia.”

“Ya mwanachama mpya?”

“Hiyo. Niandike mimi. Jina yangu. Hii imesema hakuna mwanachama, basi niandike ili siku ingine isinikatae.”

Nilitaka kumwambia kwamba hakuna kiwanda, kwamba ushirika wa pamba usio na pa kupeleka pamba ni mhuri tu na meza. Lakini yeye anaishi Malaba. Mabati yaking'olewa anayasikia kila asubuhi akipalilia. Anajua kuliko mimi.

Nikajaza fomu. Akatia kidole. Nikaandika kwenye kompyuta jina lake, namba ya kitambulisho, mwaka 1944. Haikusita hata kidogo. Jina likatokea kwa rangi nyeusi, namba 1,847.

“Imekubali?”

“Imekubali.”

Nikamgeuzia skrini. Aliitazama, akasogeza kiti, akaitazama kwa karibu zaidi.

“Sasa,” akasema, “kura ingine ni lini?”